Futiboli ya vyuo kwenye PS5: mwongozo kamili wa kuifanya mechi ifanane na ya kweli

Mechi yangu ya kwanza ya EA Sports College Football, gemu ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, iliisha 63 kwa 56. Kwataabeki wangu, yule mtupa pasi, alitupa tachidauni saba (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja kwa pointi sita), mkimbiaji akakatiza uwanja mzima mara tatu, na hatukulazimika hata mara moja kumrudishia mpinzani mpira kwa mguu. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Kesho yake ikawa 59 kwa 52, na hapo utamu ukaanza kuchacha. Wiki ile ile nilikuwa nimekesha kutazama mechi halisi ya 20 kwa 17: mvua, mipira inayoponyoka, kocha mwenye sura ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, timu nzima ikihangaikia yadi mbili. Hicho ndicho nilichokitaka, na gemu haikuwa ikinipa.

Imenichukua miezi ya kujaribu na kukosea hadi kuipata njia. Ninayoandika yanahusu toleo la 26, lililotoka Julai 2025 kwa PS5 na Xbox Series X na S. Mengi yanafaa pia kwa toleo la 25. Nakuchukulia kuwa unajua kushika padi, na unajua kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Mengine tutaelezana njiani.

Jambo moja tulimalize mapema. Wengi hudhani uhalisia ni ugumu. Mtu anapandisha kiwango hadi mwisho, anafungwa 45 kwa 3, kisha anasema sasa ndiyo kama kweli. Wapi! Mechi inaweza kuwa ngumu na bado ikawa ya uongo mtupu. Uhalisia uko kwenye hesabu na mwendo: mikupuo mingapi, yadi ngapi, pasi ngapi zilizokosa, saa imeliwa vipi. Hesabu zikikaa sawa, ugumu unakuja wenyewe, tena ugumu wa haki.

Anza na daftari, si menyu

Huwezi kurekebisha kitu usichojua kinatakiwa kiweje. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mipangilio, andika makadirio ya timu moja katika mechi moja ya daraja la juu la vyuo, lile la FBS lililokuwa na timu 136 mwaka 2025. Mikupuo ni karibu 65 hadi 70. Nikisema mkupuo namaanisha tangu mchezaji wa kati arudishe mpira nyuma hadi filimbi ilie. Pointi karibu 27. Pasi 30 hivi, na katika kila kumi, sita zinafika. Mbio 35 hivi, kila moja ikileta yadi nne na kitu. Kwataabeki anaangushwa na mpira mkononi mara mbili. Adhabu sita, jumla yadi 50 na ushei. Mpira unaangukia mikononi mwa mpinzani mara moja au mbili. Jaribio la tatu linafaulu mara nne katika kumi.

Hapo pana mtego. Kwenye takwimu za vyuo, yadi anazopoteza kwataabeki akiangushwa hukatwa kwenye mbio za timu, tofauti na NFL, ligi ya kulipwa, ambako hukatwa kwenye pasi. Ukisoma kwamba timu fulani ina wastani wa yadi 4.3 kwa kila mbio, ujue wakimbiaji wenyewe wamepata zaidi ya hapo. Mimi kwa kutojua hilo nilikaa wiki nzima nikiwadhoofisha vijana wangu wa mstari wa mbele, nikidhani nawasogeza kwenye ukweli.

Halafu wastani si sheria. Army, Navy na Air Force, timu za vyuo vya kijeshi, hucheza mtindo wa kwataabeki kuamua papo hapo ampe nani mpira au akimbie nao mwenyewe, na wanaweza kumaliza mechi nzima wakiwa wametupa pasi zisizofika kumi. Ukicheza na Navy ukaona mbio 55, usikimbilie kurekebisha kitu. Gemu imepatia.

Saa kabla ya kitu kingine chochote

Ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu. Karibu kila lalamiko la "alama ni nyingi mno" au "wachezaji wangu hawafikishi yadi 1,000 kwa msimu" chanzo chake ni saa, wala si slaida, vile vistari vya mipangilio tutakavyovifikia.

Mechi ya kweli ina robo nne za dakika 15, na timu ina sekunde 40 za kuanza mkupuo unaofuata. Tangu mwaka 2023 saa haisimami tena kila timu inapopata jaribio la kwanza jipya, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Kabla ya hapo ilikuwa ikisimama, na ndiyo maana mechi za zamani zilikuwa na mikupuo mingi zaidi. Kwenye gemu, binadamu mwenye padi huchagua mkupuo kwa sekunde chache. Ukiweka robo za dakika 15 bila kitu kingine, utapata mikupuo ya mechi moja na nusu. Ukiweka dakika tano, utapata nusu mechi.

Dawa ni ile sehemu ya kukimbiza saa. Ukiiwasha, mara tu unapomaliza kuchagua mkupuo, saa ya sekunde 40 inaruka hadi namba uliyoiweka, na saa ya mechi inaruka nayo. Anza hivi: robo za dakika 12, saa irukie sekunde 20. Cheza mechi mbili kwa kasi yako ya kawaida, usijibane wala usijiharakishe. Mwisho wa kila mechi fungua takwimu, jumlisha mikupuo ya timu zote mbili. Unatafuta kama 132.

Ukikosa, hesabu ni ya darasa la sita: dakika za robo, mara mikupuo unayoitaka, gawanya kwa uliyoipata. Mimi nilianza na dakika 10 nikapata 110. Kumi mara 132 gawanya kwa 110 ni 12. Nikaweka 12, na sijagusa tena. Wewe huenda ukatua kwenye 11 au 13, kwa sababu wengine hutafakari kila mkupuo kama wanacheza bao.

Mechi ya namna hii inakula zaidi ya saa nzima. Kama muda huna, au umeme wa kwenu una tabia zake, cheza robo za dakika 6 na ukubali takwimu ndogo, lakini malengo yote ya daftari yagawe kwa mbili. Usicheze nusu mechi halafu ukadai pointi za mechi nzima. Hapo ndipo watu wanapoharibu slaida zao.

Kiwango cha ugumu

Viko vinne: Freshman, Varsity, All-American na Heisman. Chagua All-American uendelee na safari. Freshman na Varsity kompyuta inakuachia mno. Heisman inakubana kiasi kwamba unaanza kutafuta mikupuo miwili mitatu ya ujanja inayoifunga kila mara, na mtu anayerudia mikupuo mitatu mechi nzima hachezi futiboli, anabonyeza tu. Ukizoea utapanda baadaye.

Slaida: moja kwa wakati

Slaida ni vile vistari vya 0 hadi 100, safu moja yako na nyingine ya kompyuta. Vyote huanza 50. Hapa ndipo pa kutulia.

Kanuni zangu ni tatu, na nimezilipia kwa usiku mwingi uliopotea. Gusa slaida moja tu. Isogeze kwa tano. Cheza mechi zisizopungua mbili kabla ya kuigusa tena. Mara ya kwanza nilibadilisha tisa kwa mpigo. Mechi ikawa ya ajabu, na sikujua ni ipi kati ya tisa iliyoniroga. Ikabidi nirudishe zote 50 nianze upya.

Kama hujui slaida inafanya nini, au inaelekea wapi, usiamini maelezo ya mtu, hata yangu. Iweke 0 ucheze robo moja, kisha iweke 100 ucheze robo nyingine. Kwenye ncha hakuna siri. Slaida ya kushika mpira ni mfano mzuri: wengi huipandisha wakidhani wanaongeza mipira inayoponyoka, kumbe wanaongeza mikono inayoshika.

Mpangilio nao una maana. Anza na mbio, yaani uwezo wa mstari wa mbele kufungua njia. Sababu ni hii: mbio ndizo zinazoamua jaribio la tatu litakuwa la yadi mbili au la yadi tisa, na umbali huo ndio unaoamua pasi za aina gani zitatupwa. Ukianza na pasi, utarekebisha ugonjwa ambao chanzo chake kiko kwingine. Ukiona wakimbiaji wako wanapata yadi saba kwa kila mbio, shusha ufunguaji njia wako hadi 45, cheza, kisha 40. Usikimbilie kupandisha ukabaji wa kompyuta. Ukabaji ukipanda, zile mbio nzuri za yadi 30 zinazotokea mara moja kwa mechi zinatoweka kabisa, na mechi inakuwa kavu kama mhogo wa juzi.

Mbio zikishakaa, hamia kwenye pasi za kompyuta. Dalili ya kawaida ni kwataabeki wa kompyuta kufikisha pasi 24 kati ya 28, hata akiwa wa timu ya mkiani. Shusha usahihi wake kwanza, na ulinzi wako uache kama ulivyo. Ukiongeza kasi ya walinzi kuitikia pasi, wanageuka sumaku: wanaruka kabla mpira haujatoka mkononi, mipira minne inanaswa kwa mechi, na hakuna anayeamini. Kwangu usahihi wa kompyuta ulitulia 42 na wangu 46. Si namba takatifu. Vidole vyako si vyangu.

Baada ya hapo tazama pasi zinazonaswa. Ukipata zaidi ya tatu za timu zote mbili kwa mechi, na si kwa sababu unatupa ovyo (jiulize kwa haki), shusha kunasa kwa pande zote mbili kwa kiasi kile kile. Ukabaji na kushika mpira viache mwisho. Mara nyingi ukifika huko vimeshajirekebisha vyenyewe.

Wapigaji wa miguu usiwasahau. Kwenye vyuo, mipira ya kupiga golini hukosa karibu mara moja katika kila nne, na mashabiki wa vyuo wanaishi na jeraha hilo. Shusha usahihi wa kupiga golini, wako na wa kompyuta, hadi mpira wa yadi 44 ukufanye ushike pumzi.

Adhabu, uchovu na miili

Gemu ikiachwa ilivyo hutoa adhabu chache kuliko marefa wa kweli. Pandisha kidogo kidogo zile za kushikana na za kuzuia kutoka nyuma hadi upate tano au sita kwa kila timu. Za kuanza kabla ya mpira usizipandishe sana kwa kompyuta, kwa sababu zinapokuja tatu mfululizo unajua kabisa ni mashine.

Uchovu uache juu na wachezaji wa akiba waingie mapema, hasa mstari wa ulinzi. Timu za vyuo huzungusha vijana wanane au zaidi pale mbele, na ukiona wanne wale wale wamecheza mikupuo yote 66, hiyo si mechi ya vyuo. Ile sehemu ya kuchakaa kwa mwili, inayohesabu kila pigo kwenye bega, goti au kifundo, usiizime. Inakulazimisha ufanye kitu ambacho makocha wa kweli hufanya kila wiki na wacheza gemu hawafanyi kamwe: kumpumzisha mkimbiaji wako bora ukiwa unaongoza 31 kwa 7.

Vitu ambavyo mchezaji wa Madden, gemu ya NFL, husahau

Kwa haraka. Mpokeaji anahitaji mguu mmoja tu ndani ya mstari, si miwili. Anayebeba mpira akigusa chini kwa goti amekwisha, hata kama hakuguswa na mtu. Tangu 2024 kuna mapumziko ya lazima dakika mbili kabla ya kila nusu kuisha. Muda wa nyongeza kila timu huanzia yadi ya 25 ya mpinzani. Kuanzia raundi ya pili, ukifunga tachidauni ni lazima ujaribu pointi mbili, na kuanzia ya tatu ni majaribio ya pointi mbili matupu.

Moja nataka kulikalia kidogo, kwa sababu linabadilisha jinsi unavyochagua mikupuo. Uwanja una upana wa futi 160, na kwenye vyuo ile mistari miwili ya vialama ya katikati imeachana futi 40, zaidi ya mara mbili ya NFL. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande mmoja una yadi 20 tu hadi nje na mwingine una yadi 33. Makocha wa vyuo huishi kwenye upande huo mpana. Ukianza kutazama mpira umewekwa alama gani kabla ya kuchagua mkupuo, utagundua umekuwa ukipeleka mbio zako ukutani nusu ya muda.

Sheria za nyumbani

Slaida haziwezi kukuzuia kuwa tapeli. Hilo ni lako. Tangu 2024 makocha wa FBS wanaruhusiwa kuzungumza na mchezaji mmoja uwanjani kupitia kofia, na sauti hiyo hukatwa saa ya mkupuo ikibaki na sekunde 15. Nimeichukua kama ilivyo: zikibaki 15, sigusi tena kitufe cha kuonyesha michoro ya mkupuo. Ninachokumbuka ndicho ninachocheza. Sheria hii moja imenipa pasi mbovu nyingi, na zote za kuaminika.

Nyingine: natumia kitabu cha mikupuo cha timu yenyewe, si cha jirani. Mkupuo mmoja siurudii zaidi ya mara tatu kwa nusu. Jaribio la nne nikiwa upande wangu wa uwanja, napiga mbali, labda saa na alama zinilazimishe vinginevyo. Na nikifungwa, nimefungwa. Kuzima mashine na kurudia mechi ni sawa na kurarua karatasi ya mtihani.

Picha

Sasa tuje kwenye runinga yenyewe. Watu wengi huanzia hapa; mimi naweka hapa kwa makusudi, maana mechi ya 63 kwa 56 iliyopambwa ni bibi harusi wa mgomba.

Anza na runinga kabla ya gemu. Iweke kwenye hali ya michezo ya video ili padi isichelewe, kisha zima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya kila kitu kionekane kama tamthilia ya mchana. Ingia kwenye mipangilio ya PS5, sehemu ya skrini, ufanye marekebisho ya HDR (mwanga na rangi) kwa makini. Dakika mbili tu, lakini kofia za dhahabu za Notre Dame zinaacha kuwa njano.

Kisha ndani ya gemu jiulize swali moja kwa kila kilichoko kwenye skrini: runinga ya kweli ingekionyesha? Ubao wa matokeo, ndiyo, uache. Ule mstari wa njano wa jaribio la kwanza, ndiyo. Jina linaloelea juu ya mchezaji, hapana. Maneno yanayokusifu kwa pasi nzuri, hapana. Vielekezi vya mafunzo, hapana kabisa. Duara la chini ya miguu ya mchezaji wako ni mtihani: ukiliondoa picha inapendeza mno, lakini kwenye ulinzi unaweza kumpoteza mtu wako. Mimi nimeliacha. Vizime kimoja baada ya kingine kwa wiki kadhaa, macho yazoee.

Jezi zinastahili dakika nzima kabla ya mechi, na ni kosa kuziruka. Kawaida mwenyeji huvaa rangi na mgeni nyeupe. LSU hufanya kinyume, huvaa nyeupe nyumbani. USC na UCLA hukutana wote wakiwa na rangi zao za nyumbani, nyekundu kwa samawati, na ni mojawapo ya picha nzuri za mchezo huu. Ukiiachia kompyuta ichague jezi kila mara, siku moja utajikuta na timu mbili za kijivu kwenye ukungu.

Saa ya kuanza mechi nayo ni rangi. Toleo la 26 hubadilisha mwanga kadiri mechi inavyoendelea. Mechi ya kirafiki ya Novemba kwenye jimbo la kaskazini ianzie saa tisa na nusu alasiri za huko: robo ya kwanza vivuli virefu, robo ya tatu machweo, robo ya nne taa. Huwezi kuunda tukio kama hilo kwa slaida yoyote.

Picha za kati ya mikupuo usiziruke zote wala usizitazame zote. Mimi huangalia kuingia kwa timu, robo nzima ya kwanza, na kila baada ya alama au mpira kupotea. Kwa Clemson na Tennessee usiruke kamwe: Clemson huligusa jiwe wanaloliita Howard's Rock kisha wanateremka kilima mbio, na Tennessee hupita katikati ya herufi T iliyoundwa na bendi ya chuo. Baada ya robo ya kwanza, mengine nayapitisha.

Sauti

Bendi na umati ndio mchezo wa vyuo. Shusha watangazaji hadi karibu 60, pandisha umati, na mtangazaji wa uwanjani mwache kidogo juu ya nusu. Gemu ina vikundi viwili vya watangazaji, Chris Fowler na Kirk Herbstreit kwenye kimoja, Rece Davis, Jesse Palmer na David Pollack kwenye kingine. Wote wazuri, lakini ukifika msimu wa tatu utakuwa umezikariri sentensi zao. Hapo naziba sauti zao kabisa kwa mechi za ugenini na kubaki na kelele tupu.

Faida ya uwanja wa nyumbani iache imewashwa. Kelele zikipanda, picha inatikisika na michoro ya njia za wapokeaji inachezacheza, hasa ukiwa na vijana wa mwaka wa kwanza. Watu hulalamika kwamba ni uonevu. Nenda Kyle Field ya Texas A&M jaribio la tatu, yadi nane, robo ya nne, kisha uniambie ni uonevu au ni futiboli.

Msimu wenye hadithi

Mechi moja nzuri haitoshi. Raha iko kwenye kujenga timu mwaka hadi mwaka. Na hapa nakushauri uache vigogo kama Alabama na Georgia. Mimi nimechagua Ohio Bobcats wa mji wa Athens, ambao si wale Ohio State wanaowajua wote. Nimewachagua kwa sababu ya Kiswahili: Chuo Kikuu cha Ohio kimefundisha lugha yetu kwa miaka mingi, na binamu yangu alipita pale akarudi na kofia ya kijani iliyonifanya niulize maswali.

Timu ya namna hii inakufundisha uhalisia kuliko mipangilio yoyote. Desemba 2024 Bobcats waliifunga Miami ya Ohio 38 kwa 3 na kutwaa ubingwa wa ligi ya MAC, wa kwanza tangu 1968. Mwezi huo huo kocha wao, Tim Albin, aliondoka kwenda chuo cha Charlotte. Ndivyo ilivyo kwa wadogo: ukifanya vizuri unaporwa. Kwa hiyo kwenye gemu usihangaike kuwazuia wote wanaotaka kuhama. Jiwekee sheria kwamba kila msimu mchezaji wako bora akitaka kuondoka kwenda timu kubwa, anaondoka. Na usisajili vijana wa nyota tano, daraja la juu kabisa la vipaji. Hata gemu ikikuruhusu, hakuna kijana wa namna hiyo anayeikataa Ohio State, mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari, aje Athens. Tafuta wa nyota mbili na tatu wa Ohio na majimbo jirani, uwalee.

Malengo nayo yawe ya ukubwa wako. Mtoano wa ubingwa una timu 12 tangu 2024, na nafasi imeachwa kwa bingwa wa ligi ndogo; mwaka huo aliingia Boise State, akafungwa na Penn State 31 kwa 14. Kwa Bobcats kufika hapo tu ni kazi ya miaka mitano.

Hakikisha ratiba inawaacha mahasimu kwenye wiki zao. Ohio State na Michigan ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba, na Army na Navy ni Desemba wakiwa peke yao. Kila baada ya mechi andika mistari mitatu kwenye daftari lile la mwanzo, kama mwandishi wa gazeti la mjini: nani aliumia, nani aling'ara, kocha alisema nini. Baada ya misimu miwili utakuwa na majina unayoyakumbuka bila kufungua gemu.

Neno kwa wenye PS3 tu. NCAA Football 14, ya Julai 2013, ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya ukimya wa miaka 11, ulioanza kwa kesi za wachezaji waliodai sura na majina yao yatumike kwa malipo, na Ed O'Bannon wa mpira wa kikapu akiwa mbele yao. Ilipofika 2024 kila mchezaji aliyekubali kuwemo alilipwa dola 600 na nakala ya gemu. Katika miaka hiyo mashabiki waliikarabati ile ya zamani kwa mradi wa College Football Revamped, wakaweka jezi mpya na ubao wa matokeo mpya. Yote niliyosema kuhusu saa, daftari na slaida moja kwa wakati yanafanya kazi huko vilevile.

Ukishamaliza yote, jaribu mechi moja ya kirafiki kupima kazi yako. Peden Stadium, Athens. MAC huchezesha Jumanne na Jumatano usiku mwezi wa Novemba ili wapate nafasi kwenye runinga, kwa hiyo weka usiku, mvua nyepesi, Bobcats na jezi za kijani, Miami ya Ohio na nyeupe. Watangazaji ziba. Huko ni saa moja jioni. Afrika Mashariki ni saa tisa za usiku, na kama ungekuwa unaitazama mechi halisi ungekuwa umejifunika shuka kwenye kochi. Piga teke la kwanza, kisha usiangalie ubao hadi bendi iingie wakati wa mapumziko. Ukikuta 10 kwa 7, umefika.